Mate ya Mzee Weld

Sarla alicheka kwanza. Alicheka kama mtu aliyetupiwa utani asioutarajia, mkono mmoja mdomoni, karatasi za Nanyori zikitikisika katika mkono wa pili. Kisha akaona kwamba Nanyori hacheki.

“Hapa umeandika kwa mzaha?”

“Wapi, mwalimu?”

“Ukurasa wa tatu. Mzee Weld anatoka zizini, anakwenda mpaka langoni, anatema mate mbele ya gari la mwanawe. Wewe unasema anambariki.”

“Ndiyo, anambariki.”

“Kwa kutema mate?”

“Sasa ulitaka ambariki kwa nini?”

Walikuwa wamekaa katika chumba cha nyuma cha duka la nguo la Manubhai, baba mkwe wake Sarla, kati ya majora ya marekani na khaki yaliyopangwa mpaka darini. Kabla ya kitabu hiki, Marekani yote aliyoijua Nanyori ilikuwa ni hiyo: kitambaa kigumu cheupe kinachonuka wanga. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Agosti, mwaka 1956. Mfuko wa barua za ndege ungefungwa posta kesho yake saa kumi za jioni.

Nanyori binti Lesikar alikuwa na miaka ishirini na miwili na alifundisha darasa la pili katika shule ya misheni huko Sekei. Cheti chake kilikuwa cha daraja la chini. Chuo cha ualimu kilibakiwa na nafasi moja tu ya mwanamke kutoka jimbo zima la kaskazini, na kilikuwa tayari kumpa kwa sharti moja: amalize masomo ya Kiingereza kwa njia ya posta, insha nne zinazosahihishwa London, kila moja isipungue alama hamsini. Insha tatu alikwisha kuzifaulu. Ya nne ilitaka aeleze mada na mtindo katika riwaya moja ya Marekani ya karne iliyopita. Orodha ilikuwa na riwaya tisa. Katika Arusha nzima ilipatikana moja, ndani ya sanduku la bati la Sarla, ambaye alifundisha Kiingereza katika shule ya Wahindi na alikuja nayo kutoka chuoni kwake Baroda. Insha isipofika London kabla ya mwisho wa mwezi, au ikifika na isipate hamsini, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Kitabu chenyewe hakikuwa kigumu. Mzee Weld analima shamba la mawe katika nchi ya baridi. Mwanawe, Asa, anataka kuhamia magharibi kwenye ardhi nzuri. Baba anakataa. Wanakaa majira yote ya theluji bila kusemeshana, na mwezi wa nne Asa anafunga farasi, anampakia mkewe Lidia, anaondoka. Mzee anatoka kukama, anakunywa kata moja ya maziwa, anakwenda langoni, anatema mate chini mbele ya gurudumu. Gari linaondoka. Sura inaishia hapo, na sura inayofuata inaanza miaka mitatu baadaye.

Nanyori alikuwa ameandika kurasa kumi na mbili, na zote zilisimama juu ya mate hayo. Mada ya kitabu, aliandika, ni upendo usioweza kusema. Mtindo wake ni wa mwandishi anayeonyesha tendo kisha akaondoka, bila kulieleza.

“Mtindo umeuona vizuri sana,” Sarla alisema. Sasa alikuwa ameziweka karatasi chini na sauti yake ilikuwa imepoa. “Sijui wangapi darasani kwetu Baroda wangeuona hivyo. Lakini mada umeiweka kichwa chini miguu juu. Yule mzee anamtukana mwanawe. Anamwambia, toka, nisikuone tena.”

“Hajamtemea usoni. Hata kwetu ukimtemea mtu usoni umemtukana. Huyu katema chini, njiani, na mdomoni ana maziwa. Kitabu kimesema ana maziwa!”

“Ana maziwa kwa sababu ametoka kukama ng’ombe!”

“Na kwa nini mwandishi atuambie kwamba ameyanywa?”

Sarla aliliacha swali hilo lipite. “Nanyori, nisikilize. Msahihishaji yuko London. Hakuna mtu London anayebariki kwa mate. Atasoma ukurasa wa tatu, atacheka kama nilivyocheka mimi, na kurasa tisa zilizobaki atazisoma akiwa bado anacheka.”

Nanyori alizivuta karatasi zake. Siku aliyokwenda shule ya bweni mara ya kwanza, wazee wanne walimpulizia maziwa kwa vinywa vyao, mmoja baada ya mwingine, na gauni lake jipya la shule lilifika kwa walimu wa kike wa misheni likiwa na madoa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambako mzee anaweza kuja langoni na maziwa mdomoni kwa sababu nyingine.

“Nifanye nini?”

“Andika upya. Kiburi cha baba kinavunja nyumba yake mwenyewe. Mifano ipo kila ukurasa. Utapata sabini.”

Nanyori alipanda kurudi Sekei na kitabu kwapani. Njia ilipita kando ya mifereji na mibuni, na mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Watu walimsalimu, akaitika bila kusimama. Kutokujua hakukumuumiza. Kila siku aliwaambia watoto wa darasa la pili kwamba hajui hili wala lile, akalala usingizi mzuri. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa na uhakika. Alijiona kama mtu aliyepaza sauti kanisani kwa ubeti usio wenyewe, na kanisa zima likageuka kumtazama.

Baba yake, Lesikar, alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng’ombe migomba. Nanyori aliinamisha kichwa, baba akamgusa utosini kwa mkono wenye utomvu, akaendelea na kazi.

“Baba, mzee akimtemea mate mwanawe anayesafiri, amefanya nini?”

“Unaniuliza wewe? Hukuwapo?”

“Nakuuliza kuhusu mzee mwingine.”

“Mdomoni alikuwa na nini?”

“Maziwa. Ya asubuhi hiyo hiyo.”

“Alitema kwa kupuliza au alitema bonge?”

“Sijui. Imeandikwa tu kwamba alitema.”

“Alisimama au alikuwa anapita?”

“Alisimama langoni.”

“Akishatema, aligeuka akaingia ndani?”

Nanyori hakukumbuka. Alifungua kitabu pale pale, akasimama katika majani ya migomba akitafuta sura ya tisa, kisha akamfasiria baba yake polepole: mzee alibaki langoni mpaka gari likazama nyuma ya kilima, ndipo akafunga lango.

“Eh,” alisema Lesikar. “Mtu mwenye hasira hana nafasi ya kusimama muda wote huo.”

“Alikuwa na pengo?” mama yake aliuliza kutoka jikoni. “Wazungu hawang’oi meno ya chini. Watatemaje vizuri?”

“Mama, naomba!”

“Nauliza tu. Baba yako mwenyewe, kabla hajang’olewa, alikuwa analowesha watu.”

Lesikar alijifanya hakusikia. Nanyori alimweleza yaliyobaki: kwamba kwa watu hao kutema mate ni tusi, hata yatoke na maziwa, hata yatue wapi.

“Basi amemtukana,” alisema baba, akainua panga.

“Lakini sasa hivi umesema hana hasira!”

“Nimesema kwetu. Wao siwajui. Mjerumani nilimjua kidogo nikiwa mtoto, Mwingereza namjua kidogo. Wa Marekani sijamwona hata mmoja. Si ukamuulize aliyeandika?”

“Alikufa zamani.”

“Na huyo mzee mwenyewe?”

“Baba, huyo hakuwahi kuishi. Ni hadithi.”

Lesikar aliweka panga chini. Alimtazama binti yake, akakitazama kitabu, akamtazama ng’ombe kana kwamba naye anahusika. “Mmeshinda mjini, wewe na mwalimu wa Kihindi, mnagombania mate ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na mdomo?”

Jikoni mama alicheka mpaka akakohoa moshi.

Asubuhi ya Ijumaa Nanyori aliamka kabla ya majogoo, akawasha taa, akaanza insha mpya. Aliandika juu ya kiburi. Maneno yalikuja vizuri, kwa sababu Sarla alisema kweli, mifano ilikuwapo kila ukurasa. Aliandika kurasa tano bila kukwama. Akitafuta mfano wa sita alifika mahali ambapo Lidia, mke wa Asa, anakula mezani na mkwewe majira yote ya theluji bila kusema neno. Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko mdogo wa Sarla wa siku za Baroda. Nanyori alikwisha kuyapita mara nyingi bila kuyatazama. Sasa aliyasoma. Yalisema: Heshima ya mkaza mwana.

Alisoma tena yaliyochapwa. Mwandishi alisema kwamba Lidia hakufungua mdomo, na kwamba kila jioni alimkatia mzee mkate kutoka upande ulioungua.

Upande ulioungua! Kila jioni, miezi mitano. Hiyo ni heshima gani? Lidia alikuwa amekasirika mpaka kwenye kisu, na msichana mmoja huko Baroda, aliyelelewa akijua kwamba mke hasemi mbele ya baba mkwe wake, aliupita mkate na kuandika heshima.

Nanyori aliweka kalamu chini, akatoka nje, akanawa uso. Aliporudi hakuzichana kurasa tano. Aliziacha na kiburi chake, kisha akaendelea na nyingine. Alimweleza msahihishaji kwamba msomaji wa kwao Arusha angeona baraka katika sura ya tisa, na akaeleza kwa nini, na maziwa yanafanya nini. Alisema kwamba msomaji mwingine anayemfahamu, kutoka nchi nyingine, aliona adabu palipokuwa na mkate ulioungua. Mwandishi, aliandika, alikuwa akiwaandikia majirani zake, na aliacha kueleza kwa sababu aliamini wanajua. Huo ndio mtindo wake. Sisi tunaokisoma kitabu tukiwa mbali tunaingia katika yale aliyoyaacha wazi, na kila mtu anaingia na alichonacho nyumbani.

Alimaliza saa sita mchana, kipindi cha bustani, watoto wakimwagilia kabichi na kumwagiana wenyewe.

Saa nane na nusu Sarla alikuwa anasoma. Safari hii hakucheka. Alizipita kurasa tano za mwanzo akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafika ya sita, akapunguza mwendo. Ya saba aliisoma mara mbili.

“Huyu msomaji kutoka nchi nyingine ni nani?”

“Sijataja jina.”

“Nimekuuliza ni nani.”

“Ni penseli iliyo ukurasa wa themanini na moja, mwalimu.”

Sarla alivuta kitabu, akafungua ukurasa huo. Upande wa dukani mkasi ulikuwa ukikata nguo. “Nilikuwa na miaka kumi na tisa,” alisema mwishowe. “Nimewafundisha wasichana hivi hivi miaka sita. Kila mwaka nawaambia, mtazameni Lidia, ana adabu.”

“Ninaweza kumwondoa huyo msomaji.”

“Ondoa yote. Sisemi kwa sababu yangu. Kurasa hizi tatu si jibu la swali, Nanyori. Ameuliza mada na mtindo. Hajauliza wazee wa Sekei wanatema nini. Ukiishia ukurasa wa tano una sabini mkononi. Na hizi sijui una ngapi. Unaweza kukosa chuo.”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua ungeogopa.”

“Naogopa, mwalimu. Tangu asubuhi sijala.” Nanyori alizungumza akitazama mikono yake. “Lakini jana niliandika kitu nikiwa na uhakika, kikawa si kweli. Leo nikiandika sabini zako, nitakuwa nimeandika kitu ambacho sina uhakika nacho, na wao wakiniambia ni kweli nitabaki na nini? Mzee Weld amesimama langoni mpaka gari limezama. Sijui kama ni tusi. Sijui, na mwandishi hakuniambia. Hilo ndilo ninalolijua.”

Pazia lilisogezwa. Manubhai aliingiza kichwa akitafuta kipimo cha yadi. Sarla alivuta upindo wa sari ukamfunika mpaka kwenye nyusi, akatazama sakafu, akanyamaza. Mzee alikiona kipimo juu ya jora la khaki, akakichukua, akaitikia shikamoo ya Nanyori kwa upole na kutoka.

Pazia lilipotulia Nanyori aliuliza kwa sauti ya chini, “Hapo ni heshima?”

Sarla hakuurudisha upindo mara moja. “Siku nyingine ni heshima,” alisema. “Siku nyingine nina mambo yangu kichwani.” Kisha akaurudisha, akachukua karatasi zote nane, akazigongagonga mezani zikalingana, akazisukuma kwa Nanyori. “Umekosea herufi mbili ukurasa wa pili. Zirekebishe, funga bahasha. Ni saa tisa na robo, na yule karani wa posta hupenda kufunga kabla ya wakati.”

Jibu lilikuja mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeanza kuuosha mji vumbi. Bahasha ilitumwa kwa anwani ya duka, kwa hiyo Sarla ndiye aliyeipokea, na kwa siku mbili hakuifungua, mpaka Nanyori aliposhuka na maji ya mvua yakimchuruzika. Waliifungulia kwenye kaunta, kwa kuwa chumba cha nyuma kilikuwa kinavuja.

Hamsini na mbili.

Nanyori alisoma namba, akasoma jina lake juu ili ahakikishe, akasoma namba tena. Aliegemea kaunta. Hamsini na mbili ilikuwa chuo. Ilikuwa Januari, kitanda cha bweni, miaka miwili, cheti cha daraja la kwanza. Sarla alimshika mkono akaubana. Kisha Nanyori akafungua kurasa za ndani, akaona wino mwekundu.

“Amezikata tatu zote. Tazama. Mstari kutoka juu mpaka chini. Anasema, mtahiniwa anaingiza desturi za kwao ndani ya kitabu.”

“Si ndivyo ulivyofanya?”

“Ndivyo nilivyosema nimefanya! Yeye je? Anaandika hapa, mate ni dharau, ni dhahiri. Dhahiri kwa nani? Ameitoa wapi kama si kwao?”

“Yeye ana kalamu nyekundu,” Sarla alisema.

“Nitamwandikia.”

“Utamwandikia baada ya kujiandikisha chuoni. Kwanza jiandikishe.”

Mama mkwe wa Sarla, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na vifungo, akizipanga pakiti. Hakuwa msemaji. Sasa aliinua kichwa.

“Kijana alirudi?”

“Kijana gani, Ba?”

“Mtoto ya huyo mzee. Miezi mitatu mimi nasikia mate, mate, mate. Kijana alirudi ama hapana?”

Sarla na Nanyori walitazamana. Katika kurasa zote walizobishania, hakuna aliyekuwa ameuliza.

“Hakurudi,” Sarla alisema. “Mwishoni barua yake inakuja, mzee haifungui, anaiweka ndani ya Biblia. Anakwenda kujenga ukuta. Kitabu kinakwisha.”

“Kitabu hakisemi kwamba hakurudi,” alisema Nanyori.

“Kinakwisha, Nanyori! Kimekwisha na hajarudi.”

“Barua haijafunguliwa. Unajuaje kama haikuandikwa, baba niko njiani?”

“Nataka yadi tatu za marekani,” alisema mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa amesimama kaunta tangu bahasha inafunguliwa, mtoto mgongoni, kapu kichwani.

“Subiri kidogo mama, samahani,” Sarla alimwambia, kisha akamgeukia Nanyori. “Na ukuta je? Mtu anayesubiri mgeni anajenga ukuta?”

“Mtu anayesubiri mgeni anatengeneza nyumba!”

“Yeye amerudi,” Ba alisema kwa utulivu, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mama wa Kimeru alishusha kapu, akaliweka juu ya kaunta. “Huyo kijana,” aliuliza, “alikwenda na mke?”

“Alikwenda naye.”

“Na huyo mke na mkwewe walikuwa wanasikilizana?”

Nanyori alikuwa amekwisha kukivuta kitabu kutoka chini ya kaunta, anafunua kurasa kutoka mwisho kurudi nyuma. “Ngoja mama,” alisema, “nikusomee habari za mkate.”